Kiingereza cha Kuzuia Nguruwe

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali, na mpaka leo nikikikumbuka nakasirika. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nipo nyumbani Kibuta sina kazi, na mwalimu wangu wa zamani akaniazima riwaya kongwe ya Kizungu. Alisema ndiyo iliyomfundisha yeye Kiingereza cha watu wazima. Kamusi alibaki nayo mwenyewe. Kwa hiyo kila Jumamosi nilitembea hadi kwake na daftari langu la maneno magumu, nikanakili maana zake, nikarudi nyumbani jua limeniwakia.

Na hayo maneno, Mungu anisamehe. Watu wa kitabu kile hawakuwa na kazi. Mwanamke anasimama dirishani kurasa nne nzima, na kila ukurasa una neno jipya la huzuni yake. Nilifika ukurasa wa mia nikiwa na maneno kumi na tisa ya huzuni na hata moja la jembe. Niliyakariri yote. Nilikuwa nikiyatamka huku napalilia, mpaka mama akaniuliza kama nina homa.

Mwaka huohuo nguruwe pori wakaingia kwenye mihogo yetu. Mpunga ulikuwa umekauka, kwa hiyo ile mihogo ndiyo tuliyoitegemea mpaka mvua nyingine. Kila asubuhi tulikuta matuta yamefukuliwa. Baba alimwendea jumbe wa kijiji mara mbili, na mara zote mbili jumbe akasema atalitazama. Basi baba akaamua tuandike moja kwa moja bomani Kisarawe, Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, atutumie mwindaji wa serikali mwenye bunduki.

“Andika kwa Kiswahili,” aliniambia. “Yule mzungu anakijua.”

Nilimwona baba hajui mambo. Yaani nisote na kitabu miezi mitano, halafu niandike kama mtoto wa darasa la pili? Nikaandika kwa Kiingereza, kurasa tatu, siku mbili. Shamba nililiita urithi wa wazee wetu ulionajisiwa. Mihogo niliiita wapendwa waliotutoka kabla ya wakati wao. Nguruwe wakawa wageni wasio na haya. Baba nilimweka katikati ya yote, ameinama kwa majonzi, nikammiminia yale maneno kumi na tisa bila kubakiza. Nilipomsomea alisikiliza hadi mwisho, haelewi kitu, akasema inasikika vizuri. Nilivimba kichwa siku nzima.

Majibu yalikuja wiki ya tatu. Bwana Shauri alitupa pole kwa msiba mzito uliotupata. Alisema mambo ya urithi husikilizwa na baraza la Liwali, yaani mahakama ya wenyeji, na barua yetu ameshaipeleka huko. Niliisoma mara tatu nimesimama. Sasa nani amekufa? Nilimkasirikia yule mzungu, nikamkasirikia mwalimu, nikamkasirikia yule mwanamke wa dirishani, kila mtu isipokuwa mwandishi wa barua. Nguruwe nao hawakuwa wakingoja majibu. Katika zile wiki tatu walikuwa wamemaliza karibu shamba lote.

Kesho yake baba alivaa kanzu yake, tukaenda Kisarawe kwa miguu. Bwana Shauri alitukuta barazani.

“Habari za kwako, mzee,” akasema kwa Kiswahili safi. “Una shida gani?”

“Nguruwe wanakula mihogo yetu, Bwana.”

Akaandika palepale, kisha akauliza ni upande gani wa Kibuta. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Mwindaji alifika keshokutwa yake akaua wanne. Majirani zetu waliokoa mashamba yao. Sisi tuliokota mabaki, na mama akaanza kupika mara moja kwa siku.

Jioni moja tulikuwa tunakula kisamvu kitupu, maana hapakuwa na cha kukilia. Baba hakuwa amenilaumu hata siku moja, na hilo lilinikera kuliko kama angenichapa.

“Hivi nguruwe kwa Kiingereza wanaitwaje?” akaniuliza.

Nikamwambia. Ni neno fupi, nililijua tangu darasa la tano, na nililiacha kwa makusudi kwa sababu niliona ni la kitoto. Baba akalirudia mara moja, likamtoka vizuri kabisa.

“Mbona jepesi,” akasema, akamsogezea mdogo wangu kisamvu chake.