Nyundo Chini ya Mteremko

Mamlaka inayosimamia ubia wa barabara ya kulipia imetangaza kwamba, katika mwaka wote uliokwisha, hakuna lori hata moja lililonufaika na ruzuku ya usalama ambalo lilikutwa na breki mbovu kwenye kituo cha ukaguzi. Tamko hilo lilisomwa mbele ya wageni walioketi kwenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe, likapigiwa makofi, na ni haki kusema mapema kwamba ni la kweli. Halikutiwa chumvi. Aliyeliandika angeweza kuliapia na bado akalala usingizi wake.

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwapo mama mmoja wa makamo, amevaa koti la kazi la rangi ya machungwa lenye mfuko uliolegea upande mmoja kwa uzito wa nyundo. Madereva humwita Mama Nyundo. Jina lake halisi limeandikwa kwenye kitambulisho anachokining'iniza shingoni, lakini kitambulisho hicho kiligeuka zamani kikatazama koti, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kukigeuza.

Kugonga chuma alifundishwa na baba yake, aliyekuwa fundi wa gereji na mtu wa maneno machache. Unapiga dramu ya breki, ile sufuria nzito ya chuma iliyojificha nyuma ya tairi, na unasikiliza. Ikiwa nzima, italia kama kengele ya shule. Ikiwa imepasuka, itakujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Baba alikufa na gereji ikafa naye. Mama yao alikuwa amekwisha kutangulia, akiwa ameacha mtoto mchanga wa kiume, ambaye Mama Nyundo alimbeba mgongoni kabla yeye mwenyewe hajajua kusuka nywele zake. Ndiyo maana mpaka leo akimzungumzia mdogo wake huyo, mwanaume mwenye ndevu na watoto, mkono wake hurudi nyuma kiunoni kidogo, kana kwamba kuna kanga inayotaka kufunguka.

Barabara anayofanyia kazi ni mali ya umma, imejengwa na kampuni, na itarudi kwa umma baada ya muda ambao wengi wetu hatutakuwapo kuipokea. Kampuni inatunza barabara, serikali inaitazama kampuni, na Mama Nyundo, ambaye ni wa serikali, anasimama kwenye kizuizi cha tozo akiyatazama malori. Yanatoka juu, kwenye kiwanda cha saruji, yakiwa yamejaa. Kati ya kiwanda na kizuizi kuna mteremko mrefu wenye kona, ambao madereva wanauita Ukweni, kwa sababu huko mtu huenda kwa adabu au haendi tena.

Kituo cha ukaguzi kipo chini ya mteremko huo, si juu.

Hakukuwa na ubaya wowote katika jambo hilo. Mkataba ulisema malori yakaguliwe penye kizuizi cha tozo, kwa kuwa hapo tayari pana paa, taa na choo. Walioandika mkataba walikuwa na ramani nzuri sana, na ramani ilikuwa imelazwa mezani. Mezani hakuna mteremko. Baadaye ukatolewa mwongozo wa ukaguzi, na mwongozo, ukijua wakaguzi ni wachache na foleni ni ndefu, ukaeleza kwa lugha safi kwamba lori lililoweza kusimama lenyewe mbele ya kizuizi litahesabiwa kuwa na breki zinazofanya kazi. Hivyo malori yalishuka Ukweni, yakasimama, na kwa kusimama kwake yakafaulu.

Nyundo haimo kwenye mwongozo. Mama Nyundo aligonga kwa hiari yake, na alichosikia alimnong'oneza dereva kupitia dirishani, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba zipu iko wazi.

Alikuwa amejaribu njia iliyonyooka. Serikali ilimtuma mara kwa mara Afisa wa Ubia kuja kuona mambo yanavyokwenda, kijana mpole aliyekuja na viatu vya matope ndani ya mfuko, na akavivaa kweli. Mama Nyundo alimwonyesha kizuizi, akamwonyesha mteremko. Kijana alitazama kimoja, akatazama kingine.

"Mama, mimi niko upande wako," alisema.

"Upande wangu ni wa chini, mwanangu. Mimi naomba upande wa juu."

Afisa aliandika mapendekezo kwamba kituo kihamishwe. Kampuni ilisema haina pingamizi, mradi mkataba ubadilishwe. Mamlaka ilisema hoja ni ya msingi, ila mkataba hubadilishwa pakiwa na ushahidi wa hitaji, na kwa kuwa hakuna lori lililokutwa na breki mbovu kituoni, ushahidi huo haujaonekana. Afisa alimsomea Mama Nyundo jibu hilo mara mbili, mara ya pili polepole, kama mtu anayetafuta mahali alipokosea kusoma.

Mdogo wake alikuwa dereva kwenye barabara hiyohiyo. Wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno alilomwambia kila mtu aliyemwonya, akiwa tayari anakanyaga mafuta. Lori alilokuwa akiendesha lilikuwa limepata ruzuku ya usalama. Tajiri wake, yaani mwenye lori, aliomba kwa utaratibu na akapewa kwa utaratibu. Alinunua stika za kung'aa gizani, kizima moto, mkanda mpya wa kiti, na kamera ya kumtazama dereva asisinzie. Breki hakununua, kwa kuwa ruzuku ilikuwa ya vifaa vya usalama, na breki, kwa maelezo ya ruzuku, ni matengenezo ya kawaida. Lori likang'aa. Ukiliangazia taa lilikurudishia mwanga kama jumba la sherehe.

Siku moja Taratibu alishuka na mzigo, akasimama kwenye kizuizi, akatoa kichwa dirishani akitabasamu. Dada yake alizunguka na nyundo yake. Alipofika nyuma aligonga, akagonga tena, kisha akaweka kiganja karibu na chuma na kukitoa haraka.

"Dramu ya nyuma imekufa," alimwambia. "Na jirani yake anaumwa."

"Nimesimama au sikusimama?"

"Umesimama."

"Basi kitabu chenu kinasema mimi mzima."

"Kitabu hakina mdogo wake. Mwambie tajiri wako."

"Nimemwambia, Dada. Amesema mwezi ujao."

"Sasa si usubiri huo mwezi ujao?"

Taratibu aliacha kutabasamu. "Mwenye nyumba wangu haishi mwezi ujao. Anaishi mwezi huu, na anabisha hodi."

Kizuizi kikainuka, akaondoka. Mama Nyundo alibaki akilitazama lile lori linavyong'aa mpaka lilipopotea.

Kesho yake asubuhi mvua ilinyesha, ile nyembamba isiyolowesha mtu lakini inayoipaka lami mafuta. Simu ya Mama Nyundo ililia akiwa kazini. Alikuwa Taratibu, yuko juu kiwandani. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa habari za kawaida kwamba leo wamemfungia na tela nyuma. Hakuomba kitu. Lakini mwanaume mwenye ndevu hampigii dada yake asubuhi kumwambia habari za tela kama hana hofu, na dada alielewa hivyo.

Alimwambia mwenzake wa zamu kwamba anatoka. Hakusema anakwenda wapi, na mwenzake, mtu mwenye busara ya kiofisi, hakuuliza asije akajua. Lori tupu lilikuwa linapanda, likiendeshwa na mzee mmoja anayeitwa Babu Gia. Alilisimamisha, akapanda.

"Umehamia juu?" Babu Gia aliuliza. "Serikali inajua?"

"Serikali iko chini, inakunywa chai."

"Basi kaa vizuri. Sijawahi kuipakia serikali, hata kipande."

Kwenye kona ya tatu kingo za chuma zilikuwa mpya kuliko kwingine, na Babu Gia alipunguza mwendo hapo japokuwa alikuwa anapanda.

Juu kuna uwanja wa kokoto ambapo malori husubiri zamu ya kushuka, kibanda cha kuziba pancha na kingine cha chai. Taratibu alikuwa anafuta kioo cha mbele ambacho mvua ilikuwa inakichafua upya. Alimwona dada yake akishuka kutoka kwa Babu Gia, akaendelea kufuta.

Mama Nyundo hakumsalimia. Alikwenda nyuma ya lori, akachuchumaa na kugonga. Madereva waliokuwa kwenye chai wakanyamaza. Kila mmoja wao alikuwa na masikio. Alikwenda kwenye tela, akagonga huko pia. Aliposimama, watu wote walikuwa wanatazama vikombe vyao.

"Hapa juu huna mamlaka, Dada," Taratibu alisema, si kwa ukali.

"Najua."

"Huwezi kunizuia."

"Nimesema najua."

"Nishushe mzigo niende wapi? Nikikataa leo, kesho kuna mwingine kwenye kiti hiki, na kiti hakitapoa."

Mama Nyundo alizunguka mbele, akafungua mlango wa upande wa abiria na kupanda ndani. Si mwembamba, na alipanda kwa shida, akishika huku na huku. Alikaa, akauvuta mkanda mpya, akaufunga. Kamera ndogo juu ya kioo ilimulika taa yake nyekundu, ikihakikisha kwamba hakuna anayesinzia.

"Mkanda mzuri," alisema. "Wa ruzuku?"

"Teremka, Dada."

"Tutateremka wote. Ndiyo njia yangu ya kurudi kazini."

Taratibu alipanda, akafunga mlango kwa nguvu. Aliwasha injini, akalegeza breki ya mkono, na lori likasogea kwenye kokoto, likafika pale ambapo uwanja unaisha na barabara inainamisha kichwa. Alikanyaga breki. Lori lilitafakari, likajivuta kidogo zaidi, ndipo likasimama. Mbele yao lami ilikuwa inang'aa na kupinda. Dada yake alikuwa amepakata nyundo kwa mikono miwili, anatazama mbele, kama abiria yeyote anayeona safari inachelewa.

Mdogo wake alizima injini.

Kisha Taratibu akasema, "Umenifukuzisha kazi."

"Ndiyo."

Funguo alimkabidhi msimamizi wa upakiaji, aliyezipokea bila swali na kuzitia mfukoni. Babu Gia alijitolea kuwashusha, Taratibu akakataa, kwa hiyo wakashuka Ukweni kwa miguu, dada mbele, mdogo nyuma, pembeni mwa barabara. Kwa miguu mteremko ule hauna neno. Ukiwa na viatu vizuri ni matembezi.

Mama Nyundo alipewa onyo kwa kuacha kituo wakati wa kazi. Hakulipinga, kwa sababu alikuwa ameacha kituo wakati wa kazi. Siku hiyohiyo alimpigia Afisa wa Ubia na kumweleza kuhusu lori lililobaki juu, na kijana yule, lazima asemewe, alihangaika. Alipiga simu kampuni, wakamwambia lori halijafika kwenye kizuizi, hivyo bado halijaingia katika mkataba. Alipiga kwa askari wa barabarani, wakamwambia barabara ile ni ya ubia. Alimpigia tajiri, naye akasema kwa heshima kwamba lori lake lina cheti cha ruzuku na halijawahi kufeli ukaguzi. Kila aliyeulizwa alijibu kwa usahihi.

Mwenye nyumba wa Taratibu alipochoka kubisha hodi, familia nzima ilihamia kwa Mama Nyundo. Taratibu alilala kwenye kochi sebuleni, akaosha vyombo kwa kelele, na kwa dada yake hakusema neno. Akiwa na la kusema alimpitishia mpwa wake, binti wa Mama Nyundo, hata wakiwa wote watatu mezani.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi."

"Mwambie mjomba wako sufuria haijafungwa kwa kufuli, akapike."

Binti hakupeleka ujumbe wowote. Alikula, akitazama huku na huku kama mtu aliyelipa kiingilio.

Siku ya tamko, kituo kilipakwa rangi. Viti vililetwa. Mwakilishi wa kampuni aliishukuru serikali kwa usimamizi wake wa karibu, na mwakilishi wa serikali aliishukuru kampuni kwa kukubali kusimamiwa. Wakaguzi waliitwa mmojammoja kupokea vyeti vya pongezi. Mama Nyundo alipokea chake kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umezuia mfuko wa nyundo usigonge meza. Afisa wa Ubia alikuwa kwenye safu ya nyuma, na viatu vyake vya matope miguuni, ingawa palikuwa pakavu.

Taratibu alimsubiri nje ya uzio. Alikuwa ameanza kuzungumza na dada yake tena, tangu Jumatatu moja ambayo nyumbani kwao haitajwi. Alimpokea cheti, akakisoma chote, akakikunja vizuri kisivunjike pembe.

"Twende, Dada," alisema, wakaenda.

Lori la Taratibu halimo katika tamko, na hakuna aliyefanya makosa kuliacha. Lilishushwa Jumatatu ile na dereva mpya, mtu mzima aliyekuwa amekaa muda mrefu bila kazi, na halikufika kwenye kizuizi.