Upande wa Nne wa Sanduku

Daktari alimwambia Hasna achague mwenyewe: nyundo au bega. Hasna akacheka, akidhani ni utani. Kisha akajaribu kurudisha ushungi uliomteleza, na mkono wa kulia ukagoma kufika kichwani. Kicheko kikaishia hapo.

Bati ndiyo kazi aliyoikuta nyumbani. Baba yake alitengeneza kofia za karabai za wavuvi wa dagaa palepale Ujiji, na kati ya watoto wote ni Hasna peke yake aliyependa zile kelele. Karabai zimepitwa na wakati, siku hizi wavuvi wanaingia ziwani na taa za betri, na betri inataka sanduku la kuikinga na maji. Basi Hasna anatengeneza masanduku. Anakata bati, analilaza juu ya kipande cha reli kuukuu, anakunja kwa nyundo upande mmoja baada ya mwingine. Ukienda mwalo wowote wanakoegesha mitumbwi, kuanzia Ujiji hadi Kibirizi, utayakuta.

Sasa ilibidi anunue mashine ya kukunja bati, na akiba yake ilitosha mashine moja tu. Akikosea, atarudi kwenye nyundo mpaka bega liishe kabisa, kisha afunge karakana.

Mashine mbili zilikuwa Kigoma mjini, kwenye ghala karibu na stesheni. Mteja wa Burundi aliyeziagiza alibadili mawazo, zikabaki mikononi mwa dalali Feliksi, mtu mnene mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira. Ile kubwa ilikuwa ndefu kuliko kitanda cha watu wawili: juu kisu kimoja kinene, chini mfereji. Bati likiwekwa katikati, kisu kinashuka na kulisukumia mferejini mpaka linakunjika. Ndogo ilifanya kazi vilevile, ila ilikuwa fupi, na kisu chake kilikuwa cha vipande vipande vilivyopangwa kama meno.

"Hii ndogo ilidondoka njiani?" aliuliza Bonifasi, fundi wa kuchomelea wa Hasna, Mha wa Simbo ambaye hajawahi kuona kitu akakosa la kusema.

"Ndivyo ilivyoundwa, bwana," Feliksi akajibu. "Lakini siwafichi. Wanaume wananunua kubwa."

"Mimi si mwanaume," Hasna akasema, "ila niwashie hiyo kubwa."

Wakaweka bamba nene. Hasna akakanyaga pedali, na chuma ambacho kingemlia asubuhi nzima kikakunjika kama chapati.

"Da Hasna," Bonifasi akasema taratibu, "hii inakunja hata mlango wa benki."

"Nani Ujiji kakuagiza mlango wa benki?"

"Bado. Wakiiona wataagiza."

Hasna akamwambia Feliksi anachukua kubwa. Lori lingepatikana Jumamosi.

Kosa lake lilikuwa la majira. Siku zile zilikuwa za giza, mwezi haujatoka, na katika giza wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani, mchana wamelala. Karakana inabaki na kazi za watu wa nchi kavu: geti la mtu wa Mwandiga, mlango wa ghala la mahindi, vyuma vinene vya mikunjo iliyonyooka. Kwa wiki nzima Hasna alikuwa mtu wa mageti, na akaenda kuchagua mashine kwa macho ya mageti.

Kabla ya Jumamosi kufika, mbalamwezi ikaanza. Mwezi ukiangaza ziwa lote, dagaa hawana haja ya kufuata taa ya mtu. Mitumbwi ikavutwa mchangani, na kila mvuvi akakumbuka alichovunja. Wakafurika kwa Hasna. Wa kwanza alikuwa Zubery, mwenye mitumbwi mitatu na subira isiyotosha hata mmoja.

"Mama Shadia, masanduku yangu yatoke kabla giza halijarudi," akamwambia Hasna, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Shikilia foleni."

"Foleni gani, nami nimekuja wa kwanza?"

"Basi ishikilie wewe, isikimbie."

Akaanza. Upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upande wa nne ndio mgumu siku zote, kwani huinuliwa katikati ya kuta mbili zilizokwisha kusimama. Hasna akainua nyundo, bega likamchoma, na nyundo ikabaki hewani.

"Bonifasi. Kile kisu kirefu kikishuka hapa, hizi kuta mbili zitapita wapi?"

Bonifasi akainua kinyago chake cha kuchomelea, akalitazama sanduku, akaliinamia, akalizunguka.

"Hazipiti," akasema. "Zinagonga."

Hasna akapanda bodaboda na lile sanduku mapajani. Alimkuta Feliksi anakunywa chai. Wakaliweka chini ya ile kubwa. Kisu kikashuka, kikagonga kuta zote mbili kabla hakijaufikia mfereji.

"Waambie wavuvi wako watumie betri za pembetatu," Feliksi akashauri.

"Washa ndogo."

Wakachomoa vipande vya kisu, wakabakiza vinavyotosha upana wa sanduku. Hasna akakanyaga pedali. Kisu kikapita katikati ya kuta bila kuzigusa, na upande wa nne ukasimama.

Hasna akaenda kuipapasa ile kubwa mara ya mwisho, maana ilikuwa nzuri kweli.

"Muuzie fundi wa mageti," akasema. "Wateja nitampelekea mwenyewe."

"Na mlango wangu wa benki?" Bonifasi akalalamika aliposikia.

"Utaukunja kwa nyundo. Nyundo nakuachia."

Jumamosi lori likaja Ujiji na mashine ndogo. Mwezi ulikuwa bado mkubwa Zubery aliporudi kudai. Alimkuta Hasna ameketi kwenye kigoda, mkono wa kulia umelala mapajani umepumzika, mguu tu ndio unafanya kazi. Akajibwaga kando yake, akafuta jasho.

"Mama Shadia, watu tunateseka na wewe umekaa?"

"Nimekaa."

"Na masanduku yangu? Usiniambie bado."

"Matano yako pale mlangoni."

"Nilisema sita."

"La sita umelikalia."