Mazoezi ya Kumpokea Mtoto

Mimi sina subira, na sijawahi kujisingizia kuwa nayo. Nilipofika kwa wifi yangu, nje kidogo ya Bungoma, nikakuta wanaume wanasimamisha hema uani na wanawake wameketi chini, kila mmoja na paketi yake ya sukari. Hivyo ndivyo tunavyokaa msiba. Lakini msiba haukuwepo. Mwana wa wifi, mwanajeshi, alipoteza mguu gari lao lilipokanyaga bomu mpakani. Alikaa hospitalini Nairobi wiki kadhaa akitufichia habari hiyo, na sasa alikuwa hai, anakula, analalamikia chai ya huko.

"Hema ni ya nani?" nikauliza. "Si kijana ako hai, bana! Kunjeni."

Wakakunja. Sukari nikasema ibaki.

Kilichonifanya nifunge duka langu la mbegu Kitale, tena msimu wa kupanda, ni simu ya kijana mwenyewe. Mimi ni dada ya marehemu baba yake, na yeye huniita senje.

"Senje, nakuja Jumamosi," alisema. "Lakini mama akinililia kama maiti, nageuka hiyo siku. Na sirudi tena."

Nilimwamini. Kichwa kigumu amekirithi kwetu.

Wifi naye alikuwa akilia hata akiona soksi. Basi nikaanzisha mazoezi. Kila asubuhi nilitoka hadi barabarani, nikakunja mguu mmoja, nikaegemea mpini wa jembe na kuingia uani nikirukaruka. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kunikaribisha kwa macho makavu. Jumatano alilia kabla sijafika langoni. Alhamisi alifika katikati ya salamu. Ijumaa niliteleza kwenye tope nikakaa chini pwaa, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo alimaliza ugali wake, nami nikajua tutashinda.

Jumamosi gari likasimama langoni. Kijana akashuka na magongo, amekonda, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Wifi akavuta pumzi.

"Karibu, baba," akasema, sauti imenyooka. "Ingia. Firigisi yako inapoa."

Kwetu firigisi ya kuku hupewa mwenye nyumba. Tangu ndugu yangu azikwe, wifi alikuwa hajampa mtu yeyote. Kijana akamtazama mama yake machoni, kisha akacheka, akaanza kuja.

Niliyeshindwa ni mimi. Nilipoona pale mguu ulipokuwa, mguu niliouosha mwenyewe akiwa mtoto, nilishika nguzo ya jikoni nikalia kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Sasa senje," kijana akasema, "si nilikataa hii kulia?"

"Mwache," wifi akamjibu, akimvutia kiti cha baba yake. "Huyo hakufanya mazoezi."