Aliyeipima dawa ya mama yake kwa damu yake mwenyewe

Saa tatu asubuhi, mteja wa kwanza anainama mbele ya meza na kuulizia magome mekundu, yale ya kumrudishia nguvu mzazi aliyejifungua.

"Hayo siuzi tena, dada yangu," anajibu muuza dawa za miti shamba, huku akimsogezea kigoda. "Kaa kidogo nikuambie kwa nini."

Huyu anakaa. Wengi huguna tu, wakavuka njia na kununua kwa jirani.

Soko zima linamwita Bibi Majani. Ana miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii. Dawa kumi na moja alirithishwa na marehemu mama yake, na magome ndiyo yaliyompatia sifa mjini.

Miaka miwili iliyopita mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alijifungua. Bibi Majani akamchemshia magome, kama yeye mwenyewe alivyochemshiwa na mama yake. Siku ya nne mkwe akapauka, macho yakaingia umanjano, mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Hospitalini aliongezewa chupa mbili za damu.

"Daktari aliuliza amekunywa nini. Nilitamani ardhi ipasuke," anasimulia taratibu. "Mkwe wangu akanishika mkono, akaniambia, 'Mama, hukujua.' Bora angenitukana."

Daktari naye hakuwa na hakika. Huenda ni dawa, huenda ni jambo jingine. Basi Bibi Majani akafunga vifurushi viwili, kimoja cha magome na kingine cha majani anayouzia wenye kikohozi, akaenda navyo maabara ya chuo. Mlinzi alidhani amekuja kufanya biashara, akamzuia getini karibu asubuhi nzima.

Ndani, mtaalamu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani, alimweleza kuwa kipimo kinahitaji damu ya mtu mwenye afya. Bibi Majani akakunja mkono wa gauni.

"Dawa ni yangu. Chukueni na damu yangu," alisema, akatia sahihi fomu.

Chembe nyekundu za damu zilitengwa, zikachanganywa na maji ya kila dawa, zikaachwa saa moja, kisha mirija ya kioo yenye mchanganyiko huo ikazungushwa kwenye mashine. Mrija wa majani ulitoka na chembe zimetulia chini, maji ya juu yakiwa safi. Wa magome ulikuwa mwekundu wote. Chembe zilikuwa zimepasuka.

"Mtaalamu aliniuliza kama naelewa. Nikamwambia, mwanangu, naelewa. Nikalia hapo hapo kwenye kiti chake."

Majani yalipimwa zaidi. Yalipotiwa kwenye kemikali ya zambarau, rangi ilififia ikawa njano, dalili kwamba yana viini vinavyoweza kuzikinga chembe zisichakae. Mtaalamu akamtahadharisha: mambo ya kwenye mrija si ya mwilini, asiende kutangaza muujiza.

Hakutangaza. Alichoma gunia la magome, kisha akaanza kubisha hodi kwa wazazi wote aliokumbuka kuwauzia, nyumba ishirini na sita. Mmoja alimsikiliza hadi mwisho, akamfungia mlango. Mwingine alimkumbatia.

"Kila mlango nilihisi namsema mama yangu vibaya," anasema. "Lakini namjua. Angekuwa hai, angetangulia yeye."

Dawa tisa bado hazijapimwa. Hizo hamuuzii tena mjamzito wala anayenyonyesha. Maabara imekubali kumpimia mbili kila mwaka, na mwenyewe ameapa hafi kabla hazijaisha. Jumapili hukaa na mkwewe, ambaye ni mwalimu, wakiandika kila mmea kwenye daftari: unatibu nini, ulipimwa lini, ulionekanaje. Kurasa nyingi bado ni tupu.

Mkwe huyo sasa ana ujauzito wa miezi saba. Jumapili iliyopita aliweka kalamu chini, akamtazama mama mkwe wake kwa utani.

"Mama, safari hii utanichemshia nini?"

"Maji ya kuoga," akajibu Bibi Majani. "Halafu unipe mtoto nimbebe, wewe ulale."