Siku Baba Aliponikamata

Niliporudi nyumbani dada yangu alinipa kazi moja tu: baba asitoke na kamba. Siku ya tatu kazi ikanishinda.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa njiani. Niliacha shule darasa la sita, nikapakua samaki Rumonge, nikasukuma baiskeli za ndizi, nikavuka kwenda Uvira na kurudi, kwa sababu tu nilitaka kuona ng'ambo ya mpaka kuna nini. Niliposikia kwamba baba ana ugonjwa wa kusahau, nilirudi kwetu Gasenyi nikidhani nitamkuta mzee amekaa kimya kwenye kiti. Nilimkuta kazini.

Baba, ambaye sasa hayupo, alikuwa askari tangu ujana wake hadi mguu ulipoharibika. Nusu ya miaka hiyo aliimaliza kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, akikagua vitambulisho. Alikuwa ameshasahau jina la marehemu mama, amesahau hata kama amekula. Lakini kila alasiri alivaa koti lake la jeshi lililopauka, akavuta kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye mparachichi wetu hadi nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, akasimama hapo na fimbo.

Majirani walizoea. Mama aliyetoka sokoni alionyesha kadi ya ubatizo, mwanafunzi daftari lake. Fundi mwashi mmoja alimpa pimamaji, na baba akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii imekwisha muda."

"Nisamehe, shefu. Nitaibadilisha kesho. Bibi yangu ananingoja na ugali."

"Bibi yako ndiye alituletea habari zako. Pita."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Aliishusha kamba kwa mkono mmoja, na mkono ule ule uliomwaga chai asubuhi kwa kutetemeka, pale ulikuwa umetulia. Ndiyo sababu nilimwacha. Nilikaa kwenye jiwe nikamtazama, siku ile na wiki nzima iliyofuata. Nilitaka kumjua mtu aliyekuwa kabla hajawa baba yangu.

Dada alipogundua, hakupandisha sauti. "Iko siku atasimamisha watu wasiosimamishwa. Na lile koti raia haruhusiwi kulivaa. Wakimfungia kasho usiku mmoja tu, juu ya simenti, hajui yuko wapi, hajui jina lake, we utamtoa akiwa hai?"

"Kila mutu hapa anamujua."

"Kila mutu wa hapa," alisema.

Pikapu ya polisi ilikuja Jumanne, ikipanda taratibu kutoka chini. Nyuma walikaa vijana wanne, bunduki magotini, na nyuso zao zilikuwa ngeni mtaani. Baba hakushusha kamba. Aliinua fimbo. Gari likasimama hatua tano mbele yake.

"Zima injini," alisema. "Vitambulisho."

Mkubwa wao alishuka. "Muzee, hilo koti ulipewa na nani?"

"Hapa mi ndiye ninauliza."

Kijana mmoja alicheka. Mwingine aliruka chini, na bunduki yake ikagonga ubavu wa gari. Baba alisikia kile chuma. Alirudi nyuma hatua moja, akasawazisha miguu, akaingiza mkono ndani ya koti. Mimi nilijua mle ndani hamna kitu ila leso na kipande cha muhogo. Wao hawakujua. Bunduki mbili ziliinuka.

Nilitaka kuwaambia kwamba ni mgonjwa. Lakini nilishaona anavyofanya akiitwa mgonjwa mbele ya watu: hupiga. Fimbo ile ingeruka, bunduki zingejibu. Basi nilitoka kwenye jiwe, mikono juu, nikasimama kati yake na gari, nikiwapa polisi mgongo.

"Shefu," nilimwambia baba, "ni mi munatafuta. Sina kitambulisho."

Alinitazama. Nilitafuta usoni mwake dalili ya kunijua, sikuiona. Mkono ukatoka kotini mtupu.

"Unatoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Njiani tu, shefu."

"Kaa chini. Vua viatu."

Nilikaa vumbini, nikavua. Alivichukua, akavifunga pamoja kwa kamba zake, akavishika kama mali ya serikali. Kisha akamgeukia yule mkubwa, akapiga saluti.

"Mmoja. Hana silaha. Musimupige, ametii."

Polisi yule alimtazama baba, akanitazama mimi. Nilimwashiria kwa kichwa, kidogo tu, akubali. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika saba. Hatimaye akabana visigino, akarudisha saluti.

"Nimemupokea, mukubwa."

Baba aliishusha kamba mwenyewe, gari likapita nami nikiwa nyuma, kati ya wale vijana. Walipofika kwenye kona wakasimama.

"Ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Shuka. Lile koti nikiliona tena, nitamuchukua yeye, si we. Mara ya pili sitamuonea huruma."

Nilirudi pekupeku. Dada alikuwa ameshaviona viatu vyangu mkononi mwa baba na hakuhitaji kuuliza. Baba alipolivua koti kwenda kunawa, nilimpa dada. Alilikata vipande kwa kisu cha jikoni, huku analia, akavitia motoni kimoja kimoja. Kamba niliikata mimi.

Wakati wa chakula baba aliketi na shati tu. Alikula matonge mawili ya ugali kwa maharagwe, akaacha.

"Yule kijana wa leo," aliniuliza, "wamemupa chakula?"

"Bado."

Akasukuma sahani yake kwangu. "Mupelekee. Mwambie asiogope."

Niliibeba hadi nyuma ya jiko, nikakaa chini, nikala yote, maana nilijua nikirudi atataka kuiona sahani.