Choo cha Baba Mkwe

Hapana, haikuwa uchawi. Najua utafika hapo, kila anayesikia habari hii anafika hapo, kwa hiyo nakujibu kabisa usije ukanikatiza. Uchawi haukuwepo. Nilikuwepo mimi, na mdogo wangu, na shimo moja la choo. Sogeza hicho kigoda, moshi unakufuata.

Mdogo wangu ndiye aliyesoma. Mimi baba alisema nina mdomo mrefu, shule itauongeza, nikabaki na ng'ombe. Yeye misheni waliichukua akili yake mapema, wakampeleka Iringa bado hana meno ya mbele, akakulia bwenini, akaingia chuo cha manesi hukohuko. Mimi tayari nimeolewa huku milimani, chini ya Mbeya, migomba na kahawa na mvua isiyoisha. Alipomaliza chuo ilikuwa miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yuko bomani. Akaja kukaa kwangu na sanduku la bati, gauni nyeupe mbili, na viatu vya turubai anavipaka chokaa kila jioni kama anapaka ukuta.

Tena amezoea Kihehe. Asubuhi ananiambia, "Kamwene." Namjibu kwa kisauti chake kile cha puani, "Kamwene, bibi nesi, karibu kwa washamba." Anakasirika, halafu anacheka mpaka anakaa chini.

Alitaka kwenda Nyasa, nchi ya jirani. Ng'ambo ya mto Songwe, mbali huko ndani, misheni ilikuwa na vijiji ambavyo watoto wanaisha kwa kuhara na hakuna nesi. Aende akafundishe akina mama, nyumba kwa nyumba. Mshahara hakuna. Utapewa chumba, chakula na sabuni. Mume wangu aliposikia akashika kiuno, unajua alivyokuwa anaongea polepole kama anatafuna muwa. "Shemeji. Umesoma miaka yote hiyo. Ukafanye bure. Kwa Wanyasa." Mdogo wangu akamwambia, "Shemeji, hata mimi nilisomeshwa bure." Mume wangu akaenda kuangalia ng'ombe.

Basi kukawa kujiandaa. Alichanjwa ndui, mkono ukavimba, nikawa namlisha mimi. Na kwa kuwa hakuna mgonjwa wa kufanyia mazoezi, mgonjwa nikawa mimi. Siku moja amenifunga bendeji kichwa kizima ajaribu mkono wake, nikakataa kuifungua, nikaenda nayo sokoni. Wanawake wananishika bega, "Ndaga, pole mwenzetu, amekupiga na nini?" Nikasema na mchi. Mume wangu wiki nzima alikuwa anaangaliwa vibaya kilabuni na hajui kwa nini.

Nilikuwa hivyo. Nacheza na kila kitu.

Sasa, kabla hujavuka mpaka, misheni walikuwa na sharti lao. Mama wa misheni, Mzungu mmoja mrefu, alikuja mwenyewe kulisema: "Wewe kwanza nafanya kazi kwa nyumbani yako. Wazee watatu naweka dole gumba kwa karatasi. Kama watu yako nakataa wewe, watu ya mbali natafanya nini na wewe?" Akasema atarudi mvua zikianza. Mdogo wangu akachagua choo. Kijiji kizima watu tulikuwa tunakwenda migombani, na nzi wanajua njia.

Baba mkwe wangu ndiye aliyempokea. Alikuwa mzee wa kanisa, akatoa kiwanja chake. Akasema, nilimsikia nyuma ya ukuta, "Mtoto akienda ng'ambo, na sisi tumekwenda." Nilimsikia, sikumwona. Nina miaka tisa kwenye ndoa na sura yake siijui. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Akiwa njiani anakohoa kwa mbali, wewe unajitupa migombani, unajifunika kichwa, anapita. Wakristo tulikuwa, lakini kanisani tuliingia mlango mwingine. Na mahali anapokwenda haja yeye, wewe huendi. Hilo hata mtoto mdogo anajua.

Mdogo wangu alilijua, lakini kama unavyojua habari ya kuambiwa. Aliomba mashimo mawili, la wanaume na la wanawake. Wanaume wakachimba moja, kahawa ikaiva, wakaacha majembe palepale. Wakalijengea hilo moja kibanda cha mianzi na nyasi. Baba mkwe akaingia wa kwanza ili watu waone, na wanaume wakafuata. Wanawake wakakaa mbali. Sisi wengi pale ni wake wa watoto wake, au wake wa watoto wa ndugu zake. Tuingie vipi?

Mawingu yakaanza kukaa chini mlimani. Mdogo wangu akawa halali vizuri, hali chakula. "Dada, Mama atauliza wanawake wanaoingia ni nani. Nitamwambia nani?"

Nikamwambia, "Mimi nitaingia."

"Dada, usifanye mchezo."

"Mzee anakwenda kahawani mpaka saa kumi. Nitaingia saa nane, nitoke, uandike mwanamke mmoja. Wenzangu wakiona sijafa, watakuja."

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, alitazama viatu vyake. Kwa hiyo ukiuliza nani aliyeanza, ni mimi.

Nikaingia saa nane, naimba kabisa. Natoka, nasukuma mlango wa mianzi, yuko mbele yangu. Hakukohoa. Angekohoa kwa nani, pale ni mahali pa wanaume? Tumbo ndilo lilikuwa limemrudisha mapema, nilikuja kujua baadaye. Nikamwona. Mzee mdogo tu, ana kovu kidevuni, na macho yake ni ya mume wangu yaleyale. Tukatazamana, sijui muda gani. Fimbo ikamdondoka. Hakuiokota. Akageuka akaenda.

Nilimkuta mdogo wangu anachemsha maji. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, sauti yangu mwenyewe, akajua hapo hapo kuwa ni jambo.

Dawa ya jambo lile ipo, haikuwa siri. Baba yetu alete ng'ombe, aongee na mzee, waombane radhi, yaishe. Nusu siku kwa miguu mpaka kwa baba. Nikafunga kanga niende. Mdogo wangu akanishika kwa mkono wake ule wa chanjo, bado una kidonda.

"Dada, ng'ombe akipita njiani kila mtu atajua. Wazee hawataweka dole. Mama anakuja wiki ijayo. Ngoja aje, aone, aandike. Siku hiyohiyo tunakwenda kwa baba."

"Na mzee?"

"Mzee hajasema kitu. Kama angekuwa na neno angesema."

Nikafungua kanga. Ndivyo tulivyofanya, watu wawili wazima.

Mzee hakusema. Lakini chooni hakurudi tena, na migombani hakwenda, labda aliona aibu ya kuonekana amerudi nyuma. Alikuwa anateremka mpaka bondeni, mtoni, na tumbo lake lile, na mvua imeshaanza. Namsikia akipita nyuma ya nyumba kwenda na kurudi. Asubuhi mara mbili. Kesho yake mara tano. Halafu namsikia anasimama katikati ya njia apumzike.

Majirani walimwona anavyoteremka, wakabadilika. Ukisalimu wanajibu huku wanatazama kuku. Kwetu wanasema watu wakinung'unika pamoja pumzi yao inakuwa baridi, inamwingia mtu mwilini, anaugua. Mimi nilikuwa naigiza wanaosema hivyo. Wiki ile sikuigiza mtu.

Siku ya nne hakupita. Mdogo wangu akachukua chupa ya dawa, akavaa gauni nyeupe, akaenda. Nilimfuata mpaka kwenye ukuta. Nikasikia sauti ya mzee, imekuwa nyembamba. "Mwambieni ahsante. Dawa imetoka nyumba ile. Siwezi kuinywa." Mdogo wangu akaeleza. Alieleza vizuri, kama alivyofundishwa: maji, chumvi, sukari kidogo, unywe kidogo kidogo. Akaacha chupa mlangoni. Tuliporudi jioni ilikuwa palepale, na kifuniko chake.

Nikasema sasa nakwenda kwa baba. Hakunishika. Nikatembea kwenye mvua, na baba hakugomba, alifungua ng'ombe tukaondoka naye. Tulipofika mlima wa pili tukasikia kilio. Baba akasimama na kamba mkononi. Akaniambia, "Rudi na huyu kwangu," kana kwamba yule ng'ombe ni mgeni wa kusindikizwa.

Siku mbili baada ya maziko Mama wa misheni akaja. Kumbe gari lilikwama chini, akapanda kwa miguu, matope mpaka magotini, anacheka. Hakujua kitu. Akakagua choo, akapiga mianzi makofi, "Mzuri. Mzuri sana." Akatoa karatasi na kidau cha wino, akaviweka juu ya kiti uani kwa mume wangu. Wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye gogo. Wa katikati alikuwa mdogo wa marehemu, aliyemshika mkono siku za mwisho, na marehemu alikuwa amemweleza yote.

Mdogo wangu amesimama, gauni nyeupe, viatu vyeupe, katika tope lile. Sanduku lilikuwa limefungwa kamba ndani kwangu. Mimi nilikuwa mlangoni.

Mama akasogeza wino. "Wazee, huyu binti nakwenda Nyasa. Nyinyi nasemaje?"

Yule wa katikati alitazama wino. Hakugusa. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili Mzungu asikie mwenyewe bila kutafsiriwa:

"Asiende. Ameua mtu hapa, na hapa ni kwao."