Rangi za Kinyonga kwenye Kope za Dada Yangu

Kwa karibu mwaka mzima nilitembea Nakuru nikiwa na jicho moja la rangi hii na jingine la rangi ile, na ukiniuliza leo nitakwambia sikuwa mwendawazimu, nilikuwa kazini. Nilikuwa nauza vipodozi katika duka la mama mmoja Mhindi karibu na soko. Sote tulimwita Madam. Madam hakuwa mtu wa kuamini maandishi ya kwenye boksi. Bidhaa mpya ikiingia, sisi wasichana wa kaunta ndio tuliopaka kwanza: aina moja kope ya kulia, aina nyingine kope ya kushoto, tangu duka lifunguliwe asubuhi hadi lifungwe. Jioni alitusimamisha mlangoni penye mwanga, akatushika kidevu na kutazama. "Hii imekimbia," anasema. "Hii imejaa kwa mkunjo. Hii iko sawa, tutaleta ingine."

Mwaka huo wa 2007 ndipo zilipokuja rangi ambazo hatukuwa tumeziona. Kwenye kibati chake ilikuwa kahawia tu, tena kahawia ya kuchosha. Ukiipaka na kugeuza kichwa kidogo, kijani. Ukigeuza tena, zambarau, kama petroli inavyong'aa juu ya maji ya mvua kwenye stesheni ya mafuta. Kastoma waliibatiza kinyonga. "Nipatie ile kinyonga," walikuja wakisema, na wiki ileile wengine wakarudi wakifoka kwamba kinyonga imekufa kabla ya saa sita.

Vijana wa boda za baiskeli waliokaa nje ya duka walinimaliza. "Siste, niaje! Jicho moja liko Nakuru, lingine limeshafika Naivasha!" Sikunyimwa mdomo, kwa hiyo niliwajibu vizuri tu. Lakini nilikuwa najifunza. Nilijua ni ipi inayomwagikia mashavuni kama unga, ipi inayoteleza ukipaka juu ya mafuta ya mgando, na ipi inayoshika ukilowesha kidole kwa maji kwanza. Nilijua vumbi la Nakuru la mwezi wa pili linavyoila rangi kuanzia pembeni. Sikujua kwamba yote hayo nitayahitaji nyumbani.

Nyumbani ilikuwa chumba kimoja cha nyuma ya nyumba ya watu, mtaa wa Section 58, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa mwalimu wa nasari. Katikati ya mwaka huo alitokwa na doa jeupe kwenye kona ya jicho la kushoto, dogo, ungedhani ni punje ya chumvi. Hospitali wakamwambia ngozi tu ndiyo inapoteza rangi, haiumi, haiambukizi, na hakuna ajuaye kama itasimama ama itaendelea. Iliendelea. Jirani yetu mmoja, mama wa kanisani kabisa, akaanza kukataa kunywa chai kwa vikombe vyetu. "Nimeshiba," anasema, huku macho yanamtoka kwa mandazi. Nilitaka kumwambia ukweli wake, dada yangu akanivuta sketi.

Kilichomkosesha usingizi hakikuwa jirani. Alikuwa na mchumba, fundi wa malori kule Mai Mahiu, kijana mpole mwenye kucha nyeusi za grisi, na ruracio, sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa kufanyika nyumbani kwa wazazi wetu, Mau Narok, mwaka ukianza. Kwetu siku hiyo, wageni wakishaleta mahari na kula, wasichana kadhaa hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, bibi arusi akiwa mmoja wao, wakapangwa mbele ya watu. Bwana lazima amtoe wake. Akikosea anatozwa mbuzi na kuchekwa hadi atamani ardhi impasukie. Akidhani amempata, anainua leso, anauona uso mbele ya pande zote mbili, na anatamka kwa sauti ya kusikika, "Ni huyu." Bila hayo maneno wazee hawaendelei.

Na huyo kijana hakuwa ameliona doa. Walionana mara moja moja, dada yangu akiwa na nywele zimelazwa upande mmoja na miwani ya jua. "Nitamwambia," alisema kila mara. Hakumwambia.

"Afunue leso aone hii kitu, anyamaze, mama akiwa hapo," aliniambia siku moja, akiwa ameketi kitandani. "Ama aseme si huyu. Utanizika wapi?"

Nikamwambia, "Wewe tulia. Mimi kazi yangu ni macho."

Halafu uchaguzi wa Desemba ukapita na mji ukawaka. Barabara zilifungwa, duka la Madam likateremshiwa vyuma, ruracio ikaahirishwa bila tarehe. Tulifungiwa ndani, tukala ugali na chumvi, tukasikiliza. Mchana tuliona moshi upande wa pili wa mji, na kila simu ikilia tulitazamana kwanza kabla ya kuipokea. Mchumba alikuwa amekwama Mai Mahiu na malori yaliyoshindwa kuendelea na safari. Watu wanadhani wakati kama ule mtu hushinda akilia. Sisi tulishinda tukipaka rangi. Nilikuwa na vibati vya majaribio kwenye mkoba wangu, na mikono ilitaka kitu cha kufanya. Niliogopa sana siku zile, na ninashukuru hadi leo kwamba kulikuwa na kope za dada yangu mbele yangu.

Ndani ya wiki hizo doa lilizunguka jicho lote. Na hapo ndipo kinyonga iliponionyesha tabia yake. Kwenye kope yangu na kwenye jicho lake la kulia iligeuka kijani, ikageuka zambarau, safi kabisa. Kwenye lile jicho la kushoto ilikataa. Ilikuwa waridi hafifu tu, kama ufizi wa mtoto, umgeuze kichwa usimgeuze. Nilipaka tena. Nikabadilisha kibati. Dada yangu alijitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, jicho moja linawaka na jingine limefifia, akacheka, kisha hakuwa akicheka tena.

Maduka yalipofunguliwa nilimwuliza Madam, bila kumwambia ni ya nani. Alinitazama muda. "Hii rangi inataka giza chini yake," akasema. "Iko kama kioo. Kama nyuma hakuna nyeusi, itaonyesha nini?" Akanipa wanja wa kwao, ule mzito wa kwenye kikebe. Akasema nipake wanja kwanza, nikausambaze kwa kidole, niugandishe kwa poda, kisha kinyonga juu.

Aki ya nani, ilifanya kazi. Nilipaka ngozi ya kuzunguka jicho kwa fandesheni iliyoendana na rangi yake, kope nikaitia wanja, kinyonga juu, na macho mawili ya dada yangu yakawa mapacha. Nilipiga kelele. Kilichobaki kilikuwa kudumu. Tukajaribu siku nzima, tukajaribu kwenye upepo, tukajaribu na leso. Maana leso ndiyo ilikuwa adui: inasugua, na pumzi yako inakurudia usoni kama mvuke wa sufuria. Kila Jumamosi nilimfunika dada yangu leso gubigubi, akaosha vyombo hivyohivyo akipapasa, nikamfunua na kukagua. Akivunja kikombe ananilaumu mimi.

"Nikitoka humu nimekufa kwa joto utampaka maiti," alisema kutoka ndani ya leso.

"Maiti haitoi jasho. Simama vizuri."

Siku moja akaenda nayo shuleni, jaribio la siku nzima. Alirudi jioni. Nilimshika kidevu kama Madam, nikageuza huku na huku. Haikuwa imetoka hata kidogo, nikamwambia tumeshinda.

"Kuna mtoto amekataa nimbebe," akasema.

"Mtoto gani?"

"Yule mdogo kabisa. Analia, anatafuta tichee yake. Ameniuliza, tichee wa jicho nyeupe ameenda wapi?"

Nikamwambia watoto ni watoto, nikaendelea kuandika kichwani ni poda kiasi gani nimetumia. Yeye akakaa na kile kioo muda mrefu. Doa lilipotokea mara ya kwanza wale watoto walikuwa wameuliza asubuhi moja tu, tichee umemwagikiwa na maziwa, akawaambia hapana, ni ngozi, wakarudi kwa nyimbo zao. Hayo alinikumbusha, nami sikuyatilia maanani.

Ruracio ilikuja kufanyika mwezi wa nane, mwaka wa 2008, viazi vikiwa shambani na baridi ya Mau Narok ikikata masikio. Niliamka mapema nikampaka dada yangu chumbani kwa mama. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikajipaka mimi pia, na binamu zetu watatu, sote rangi ileile, kwa sababu nilifikiri ikiwa watu watatuona kabla ya kufunikwa, asitofautiane na sisi. Nje wageni walishaanza kuimba langoni. Dada yangu akaniomba nimletee pini za leso kwa tata, dada ya baba yetu. Nilipokuwa nikirudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Fungua, bwana, tunachelewa!"

"Niko tayari," akajibu. Akafungua akiwa amejifunika mwenyewe hadi miguuni. Nikasema haya, vizuri, usiuguse uso. Nilinusa mafuta ya mgando, nikadhani amejipaka mikono.

Tukatolewa nje tukishikana mabega, watano, hakuna anayeona mbele. Chini ya leso niliona nyasi tu, na vidole vya miguu vya mwenzangu. Tata alikuwa akimtania yule kijana kwa sauti ya kufika barabarani. "Angalia vizuri! Huku hatuna ya kurudisha! Huyo wa mwisho ni shosho wa wajukuu kumi!" Watu wakavunjika mbavu. Viatu vya kijana vikaja, vimepigwa rangi lakini kwenye mshono bado kulikuwa na grisi. Vikasimama mbele yangu. Nikaomba Mungu. Vikapita.

Vikasimama kwa aliyenifuata, na aliyenifuata alikuwa dada yangu. Nikasikia leso ikifunuliwa. Hapo ndipo vigelegele hupigwa. Havikupigwa.

Nilinyanyua ukingo wa leso yangu, adabu kando. Dada yangu alikuwa amesimama na uso wake mtupu. Hakuna wanja, hakuna poda, hakuna kinyonga. Jicho moja la kahawia kwenye ngozi nyeusi, jingine la kahawia kwenye duara jeupe, na mafuta bado yanang'aa alipojifuta. Nilimkasirikia, Mungu anajua. Kazi yangu yote ile! Kisha nikaona anavyokataa kuuinamisha uso, na hasira ikaniisha, ikabaki hofu peke yake. Mama alikuwa ameshika mdomo. Upande wa wageni, mwanamke mmoja alimwinamia mwenzake akanong'ona.

"Niaje," kijana akasema, polepole, kana kwamba wamekutana njiani.

"Poa," dada yangu akasema.

"Hii ndiyo umekuwa ukinificha na miwani?"

"Ndiyo."

"Inauma?"

"Haiumi. Lakini inaweza kuenea, mwili wote. Hakuna mtu anajua." "Nilitaka uone kwanza. Ndiyo useme ukiwa umeona."

Alimtazama. Hakukimbilia kujibu, na ningemchapa kwa huko kutokimbilia, lakini sasa naona alikuwa akifanya alichoombwa. Alilitazama lile jicho la kulia, akalitazama la kushoto, akarudi. Kisha akageuka kuwaelekea wazee, wake na wetu, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini:

"Ni huyu!"

Tata ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo sikusikia chochote, maana nilikuwa nalia ndani ya leso. Nililia kama mtoto, kwa ajili ya zile wiki za Januari, kwa vikombe vya jirani, kwa yote. Binamu zangu wakanifunua wakanicheka.

Jumatatu asubuhi Madam alikuwa mlangoni akiningoja. Sijui alikuwa amegundua lini majaribio yale yalikuwa ya nani. Alinishika kidevu kwa mazoea, ingawa siku hiyo sikuwa nimepaka kitu.

"Ilishika?"

"Ilishika, Madam. Nililia nusu saa, haikutoka."

"Na kwa dada yako?"

"Yeye aliitoa."

Akaniachilia kidevu. Akatazama barabarani kidogo, akavuta ukingo wa sari yake begani, akasema, "Sawa. Fungua duka."